Jeli ya mimea kwa ufizi wenye kutoka damu: itumike namna gani na wakati gani

Saa hii hapa Goma, ukipita soko ya Virunga ama Birere, hata ukifungua Facebook ya bamama wenye wanauza mafuta ya nywele, utakuta jeli ya aloe vera ya kila rangi, na mwenye kuuza atakuambia inaponyesha ufizi, inakausha damu, inakaza meno yenye inatikisika. Sehemu ya ile maneno iko kweli. Jeli za mimea zimejaribiwa na badaktari wa meno, sanasana kule India, na kuna zenye zinasaidia, lakini zinasaidia kama kiongezo, ni kusema kazi yenyewe inafanywa na chuma cha dantisti na jeli inafuata nyuma. Ukianza na jeli ukaacha chuma unaweza pata ufizi mzuri kwa macho, damu imepunguka, kumbe chini mufupa unaendelea kuisha pole pole bila kelele. Ni juu ya ile naandika hii, mutu asome kwanza mbele ya kutoa franga yake.

Mbele ya yote, jua uko na nini

Ufizi muzima umebana jino, haujavimba, hautoki damu ukipiga brosi. Kwa rangi usijichoshe sana, sisi watu weusi ufizi unaweza kuwa na madoa meusi ama kahawia tangu utoto na hakuna ugonjwa pale, zile picha za intaneti zenye zinaonyesha ufizi wa pinki tupu zisikutishe. Angalia kuvimba. Angalia damu ku mate asubuhi, harufu ya kinywa yenye haiishi hata ukipiga brosi, jino yenye imeanza kuonekana ndefu kuliko zamani, fasi kati ya meno yenye nyama inakwama na mbele haikukuwa inakwama.

Ugonjwa uko na hatua mbili na tofauti yao njo inaamua kila kitu. Ya kwanza inaitwa jinjivite. Ukoga, ule utando wa kunata wenye umejaa bakteria, ukikaa pembeni ya jino siku mingi ufizi unavimba na kutoka damu, basi. Mufupa haujaguswa. Mwaka 1965 kule Denmark, Harald Löe na wenzake waliomba watu 12 wenye ufizi muzima waache kabisa kusafisha meno, kati ya siku 10 na 21 wote wakakuwa na ufizi mugonjwa, kisha waliporudilia brosi ufizi ukapona karibu ndani ya wiki moja. Hakuna jeli yoyote pale, brosi tu. Kwa hiyo kama yako ni hii ya kwanza, brosi ya sawasawa na detartraji moja, ni kusema dantisti akwangue ukoga mugumu ku meno, vinaweza maliza kesi, jeli itakusaidia tu kutuliza na kuharakisha kidogo.

Ya pili ni parodontite na yenyewe haina mchezo. Ufizi umeachana na jino, kati yao kumefunguka kamufuko, ndani ya kamufuko ukoga umechukua kalisiamu na kukuwa mugumu sawa jiwe, na kule chini kunaishi bakteria zenye hazipendi hewa, mmoja wa wakubwa wao anaitwa Porphyromonas gingivalis. Mwili katika kupigana nazo unaharibu mufupa wenye unashika jino. Mufupa ule ukishaenda haurudi wenyewe, unaweza tu kuusimamisha pale umefikia, na jeli ya aloe haiurudishi, mwenye anakuahidi ile anakuuzia hewa. Usisikie haya hata hivyo kama umeambiwa uko nayo: OMS, shirika la afya la dunia, ku ripoti yake ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu miliari moja duniani wenye ugonjwa huu kwa hali kali.

Sasa utajuaje kama ni ya kwanza ama ya pili? Wewe mwenyewe ku kioo hautajua. Dantisti anachukua kachuma kembamba kenye alama za milimita, anakaingiza pole pole kati ya ufizi na jino, anazunguka jino yote. Milimita 1 mpaka 3 iko sawa. Kuanzia 4 na damu, kuna kazi. Milimita 6 na kupanda, kamufuko kamekuwa ka ndani sana na brosi yako haiwezi kufika kule hata upige saa nzima. Mwambie akuandikie namba ku kaye, ni kusema daftari, jino kwa jino, ama upige picha ya fishi yake ku telefone. Wengi wanatoka pale na maneno "ufizi wako haiko muzuri" bila namba hata moja, kisha mwezi wa tatu hawajui kama wamepona ama wamezoea. Ile kaye tutairudilia chini.

Na kwa sisi wa upande huu kuna jambo lingine lenye linachanganya watu. Meno yenye madoa ya kahawia, yenye mistari myeupe, wakati mwingine yenye kumegeka juu juu, sanasana kwa watu wenye wamekomea vijiji vya chini ya Nyiragongo wakikunywa maji ya mvua: ile ni florozi. Gesi ya volkano iko na florini, mvua inaishusha, maji ya bati inaingia ku tanki, mutoto anaikunywa wakati meno yake ya ukubwa inatengenezwa bado ndani ya taya. Iko ku jino, haiko ku ufizi. Hakuna jeli, hakuna manjano, hakuna makaa ya kusaga itaiondoa, na wenye wanasugua kwa nguvu juu ya kuiondoa njo wanaishia na ufizi wenye umerudi nyuma.

Kwa nini jeli peke yake haifike

Kuna sababu mbili na zote ni za kimwili tu, haziko siri. Moja ni ule ukoga mugumu, wenye unaitwa tartari. Bakteria zimejijengea utando wao juu yake, dawa inapita juu inaua za nje, za ndani zinabakia, siku mbili tatu zimejaa tena. Kuweka jeli juu ya tartari ni kupaka rangi juu ya bati yenye kutu, na watu wa Goma wanajua bati ya hapa inaisha namna gani.

Ya pili watu wengi hawaijui na kwangu njo ya maana zaidi. Ndani ya kamufuko kunatoka maji maji kutoka ku ufizi wenye umevimba, kidogo kidogo lakini bila kusimama, na badaktari walipima wakakuta ule umaji ndani ya kamufuko ka milimita 5 unabadilika karibu mara 40 kwa saa moja. Mara 40! Kitu chochote chepesi ukiweka mule kinasukumwa inje mbele hujafika nyumbani. Juu ya ile jeli zenye zilijaribiwa kweli haziko majani ya kusaga tu, zimechanganywa na kitu cha kuzishikilia: kitosani, karbopoli, ama poloksama 407 yenye inaingia ikiwa maji maji na ikipata joto la mwili inakuwa nzito na kukamata pale. Jeli ya chupa ya soko yenye umetia ku kidole na kupaka inje ya ufizi haiko na ile, na haifiki chini. Inaweza tuliza ngozi ya juu, ile sikatai.

Mimea gani

Aloe vera njo imejaribiwa sana na njo iko ku maua ya nyumba nyingi hapa, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo. Ile maji mazito ya ndani ya jani inapunguza kuvimba na inasaidia kidonda kufunga, na ku majaribio mengi watu wenye waliwekewa jeli ya aloe kisha usafishaji walikuwa na damu kidogo kuliko wenye walisafishwa tu. Lakini jani moja iko na vitu viwili. Chini ya ganda kunapita utomvu wa manjano wenye uchungu, uko na aloini, na ule ni dawa ya kuharisha, ukiumeza mingi tumbo itakuambia, na ku ufizi wenye vidonda unachoma. Tena haiko kila aloe ni aloe vera, hapa kwetu kuna za porini za aina nyingi zenye madoa na zenye maua mekundu, nyingine ziko na sumu, na kama hujui yako ilitoka wapi uiache ikuwe maua tu.

Manjano, yenye wengine hapa wanaita kurkuma, iko na kurkumini. Ku majaribio wametumia jeli za asilimia 1 na 2, zinapunguza uvimbe na damu, na mara nyingine zimekaribia kloreksidini, dawa ya kusukutua ya kuua bakteria, kwa jinjivite. Shida yake ni kwamba kurkumini haipendi maji, haiyeyuki vizuri, kwa hiyo unga wa manjano wa kupikia pilau ukikorogwa na maji haufanani na ile jeli ya majaribio hata kidogo. Inatia rangi ku brosi, ku shati, ku plombaje, ile ya kuziba tundu, ya meno ya mbele. Na unga wa soko usiojulikana unaweza kuchanganywa na rangi yenye risasi, kule Bangladesh walikamata ile mambo kabisa, basi usiuweke ku kidonda cha kinywa kila siku.

Chai ya kijani iko na katekini na imejaribiwa ku jeli na ku vipande vidogo vya kuingiza ndani ya kamufuko. Mmea ni ule ule wa chai yenye inalimwa hapa Kivu, tofauti ni vile majani inakaushwa, ya kijani inabakia na katekini mingi. Komamanga nayo imejaribiwa, ganda lake zaidi. Mwarobaini inaua bakteria lakini ni muchungu mpaka watu wanaacha dawa katikati. Mafuta ya ti tri ya Australia, Melaleuca alternifolia, ku jeli ya asilimia 2.5 ilipunguza kuvimba na damu lakini ukoga ulibakia vile vile, na mafuta yenyewe bila kuchanganywa ni sumu ukimeza, nyumba yenye batoto iyaweke mbali.

Na mubirizi? Na muravumba? Hii mimea ya dawa ya kienyeji? Wazee watauliza na wako na haki. Watu wanatafuna kijiti cha mubirizi asubuhi na kama wanakipitisha vizuri ku meno yote kinasafisha, kijiti chochote chenye nyuzi safi kinasafisha. Lakini jeli ya mubirizi yenye imepimwa ndani ya mufuko wa ufizi mie sijaiona, kwa hiyo kijiti ndiyo, kusaga majani na kujaza ku ufizi hapana.

Ukiniuliza nichague, kwa bei na kwa kuvumilika ku kinywa, nitachagua aloe ya farmasi yenye imeandikwa ni ya kinywa. Kwa ukubwa wa faida zote zinafanana: juu ya usafishaji wenyewe, ambao unapunguza kamufuko karibu milimita 1 mpaka 2, jeli inaongeza sehemu ya milimita, ikifika milimita nzima ni mingi. Na majaribio mengi yalikuwa ya watu makumi tu, ya mwezi moja mpaka sita. Si bure, lakini si muujiza.

Ku kiti cha dantisti

Hapa njo mpangilio unapohesabika. Mwongozo wa shirikisho la Ulaya la badaktari wa ufizi wa 2020 unapanga hivi: kwanza mgonjwa ajue kusafisha na aache tumbaku, sukari ya damu ishikwe, kisha usafishaji wa chini ya ufizi, viongezo vinakuja pale pembeni, upasuaji ni kwa fasi zenye zimekataa. Jeli ni kiongezo, fasi yake iko ile.

Mbele hajaanza, mwambie kama uko na diabete, kama uko na ugonjwa wa moyo ama valve, kama unakunywa dawa ya kufanya damu ikuwe nyepesi, kama uko na mimba (detartraji kwa mimba haikatazwi, usikimbie), na dawa zote za tansio, juu nifedipini inaweza vimbisha ufizi yenyewe, na fenitoini ya kifafa vile vile, na hapo jeli utapaka mpaka mwaka uishe.

Anaanza na detartraji ya juu. Kwa mifuko ya ndani anashuka chini ya ufizi kukwangua mizizi, mara nyingi na sindano ya kulalisha ufizi, na inaweza kugawanywa mara mbili ama zaidi, upande huu leo, upande ule wiki ijayo. Damu itatoka, ni kawaida. Kisha siku ingine meno itasikia baridi, na ufizi wenye ulikuwa umevimba utashuka na meno itaonekana ndefu, watu wanalia "dantisti ameniharibu", hapana, ule ni uvimbe umeenda.

Jeli inakuja pale damu imetulia. Anakausha fasi na pamba, anachukua seringi yenye sindano butu, haina ncha ya kutoboa, anashusha mpaka chini ya kamufuko na anajaza akipanda juu mpaka jeli ionekane pembeni ya ufizi. Wengine wanafunika na simenti laini ya ufizi ili ibakie. Ulizeni mambo matatu bila haya: hii jeli ilitengenezewa kuingia chini ya ufizi? tarehe yake ya kuisha? seringi ni mupya, unaifungua mbele yangu? Kama jibu la swali la kwanza ni "ni jeli ya ngozi lakini iko sawa", kataa jeli, lipa usafishaji tu. Jeli ya ngozi na ya nywele iko na alkoli, na marashi, na rangi.

Ukitoka pale, saa moja bila kula wala kunywa. Ile siku usipige brosi fasi yenye imewekwa, meno ingine piga. Wiki moja uache kidogo muhindi wa kuchoma, miwa, nyama ngumu, na kila kitu cha kunata upande ule, na usiingize kiredanti pale.

Na tafazali, hakuna mutu ajidunge jeli mwenyewe nyumbani na seringi ya farmasi. Ukisukuma kitu kichafu chini ya ufizi wenye tartari iko bado, umefunga mlango na bakteria iko ndani, asubuhi utaamka na shavu imejaa usaha.

Nyumbani

Kwa jinjivite, ama kwa kulinda kisha usafishaji, kupaka inje kunakubalika. Piga brosi kwanza, tema, sukutua. Maji iwe ile ile yenye unakunywa, imewekwa klori ama imechemshwa, usichote ya ziwa moja kwa moja ukasukutua eti nitatema, kolera haijali kama umetema. Osha mikono na sabuni. Chukua jeli kiasi cha punje ya haragi, pitisha ku ufizi ukisugua polepole dakika moja ama mbili, inje na ndani, tema yenye imebakia, nusu saa usikule. Asubuhi na usiku. Fanya wiki mbili, angalia damu, kama haijapunguka hata kidogo acha na uende uonekane, usiongeze wiki ingine na chupa ingine.

Siku ya kwanza jaribu kidogo ndani ya mudomo wa chini, ungoje mpaka kesho yake. Ukiwasha, ukivimba, hiyo mimea si yako.

Mwenye anataka kutumia jani la nyumbani, na anajua ni aloe vera kweli: kata jani la inje, lile kubwa, lisimamishe na mukato chini ku bilauri dakika 10 mpaka 15 utomvu wa manjano ushuke wote, lioshe, ondoa miiba na ganda, osha tena ile nyama ya ndani mpaka haina rangi ya manjano hata kidogo. Itumie siku ile ile. Ikigeuka rangi ya kahawia ama ikinuka, tupa. Frigo itakusaidia siku moja zaidi kama kurant haikatike, na munajua kurant yetu. Usiichanganye na ndimu, asidi inakula jino. Usiichanganye na asipirini ya kusaga kama vile wengine wanafundisha ku TikTok, asipirini juu ya ufizi inachoma mpaka nyama inakuwa myeupe na kutoka.

Na sasa kazi yenyewe, yenye hakuna mutu anataka kusikia juu haiuzwi ku chupa: brosi laini, si ile ngumu, iegemeshe pembeni kabisa fasi jino inakutana na ufizi, ielekee ku ufizi kwa mshazari, itikise kidogo kidogo fasi moja kisha usogee, meno mawili mawili, inje, ndani, dakika mbili, usiku usikose hata kama umechoka. Kati ya meno brosi haifiki, na parodontite inapenda kuanzia pale, kwa hiyo tafuta fili ya meno ama vile vibrosi vidogo vya katikati, ku farmasi kubwa za mjini unaweza vipata. Kiredanti ya mti ni ya kutoa nyama, haisafishi, na ukiisukuma kwa nguvu inajeruhi. Mwenye anavuta sigara ajue ufizi wake unaficha damu, unaonekana muzima na mufupa unaenda, na kila dawa inafanya kazi kidogo kwake.

Kloreksidini, ya kusukutua ya asilimia 0.12 ama 0.2, bado iko na nguvu kuliko mimea mingi kwa kuzuia ukoga, lakini usipite wiki mbili juu inatia meno rangi ya kahawia na kuharibu ladha ya chakula, na usiitumie papo hapo kisha dawa ya meno, acha nusu saa hivi. Usiku mmoja jeli, usiku mmoja kloreksidini, na antibiotike juu yake, ile ni kuchanganya tu. Kwa antibiotike sana sana: metronidazoli na amoksisilini zinauzwa hapa bila ordonansi, mutu anameza siku tatu, maumivu inaisha, anaacha, tartari iko pale pale. Dantisti anaweza kuziandika kwa hali fulani kisha kusafisha, na ukiwa na metronidazoli hakuna Primus wala pombe yoyote mpaka umalize na siku tatu ziongezeke.

Fasi ya kuacha jeli na kukimbia

Shavu kuvimba na homa, kushindwa kufungua mudomo ama kumeza: hospitali leo. Mutoto mdogo mwenye hana nguvu, mwenye ametoka ku surambi (surua) ama amekonda, akipata kidonda ku ufizi chenye kunuka sana na shavu inavimba ama kugeuka nyeusi, ile inaweza kuwa noma, inakula uso ndani ya siku chache na ikikamatwa mapema antibiotike na chakula vinaisimamisha, OMS iliiweka ku orodha ya magonjwa yenye yamesahauliwa mwezi wa 12 mwaka 2023. Ufizi wenye kutoka damu pamoja na homa kali, kutapika, damu fasi ingine ya mwili: ile si mambo ya dantisti, enda kituo cha afya haraka na uwaambie mapema. Na mutu mukubwa mwenye ufizi umeharibika haraka haraka, anakojoa sana, kiu haiishi, apime sukari. Diabete inaharibu ufizi na ufizi mubovu unafanya sukari ikuwe ngumu kushika, ukitibu moja unasaidia ingine.

Kurudi na ile kaye

Kati ya wiki ya 6 na mwezi wa 3, rudi, namba zipimwe tena. Fasi yenye ilikuwa 5 na damu, leo iko 3 bila damu, imefunga. Yenye imebakia 6 na damu inahitaji kusafishwa tena ama upasuaji mdogo, na kama wa hapa hawafanyi, ulizeni ku hospitali kubwa nani anafanya. Kisha ile, kila miezi mitatu mpaka minne unaenda kupima, mwaka mzima wa kwanza, juu parodontite inapenda kurudi.

Kitu kimoja chenye unaweza omba mapema, na majaribio mengi ya jeli yalifanywa vile vile: mwambie aweke jeli upande wa kulia tu, kushoto asafishe bila jeli, kama namba za mwanzo zinakaribiana. Siku ya kurudi mutafungua kaye mukiwa wawili. Kulia imeshuka kuliko kushoto, basi jeli ilikufaa, nunua tena. Zimeshuka sawasawa, mara ingine lipia detartraji peke yake.